Shangazi Hajakatika

9 Februari

Mwanangu Kimya,

Nakuita hivyo kwa sababu ndivyo mume wangu alivyokuita hapa nyumbani, na jina lako la kazini nikijaribu kuliandika naona kama namwandikia mgeni. Alisema wewe ni daktari asiye na mgonjwa, na kwamba ukiwa ndani ya chumba cha mashine hata nzi anaomba ruhusa kupita. Usikasirike, alikuwa anakusifia.

Ahsante kwa kuja kumzika. Nilikuona umesimama nyuma na mafundi wenzake. Nilitaka kuja nikushike mkono, lakini siku ile kila niliponyanyuka kulikuwa na mtu wa kunikalisha chini. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasahau nilichotaka kusema, nabaki na "haya, haya" mpaka inakatika. Dereva wenu anayeleta mizigo huku amekubali kuwa tarishi wetu. Anasema si kazi, ni njia yake.

Nina swali moja. Shangazi bado ananing'inia?

Labda hujui. Vile vijiti vya zinki mnavyovitundikia uzito huko maabara kwenu, mume wangu alikuwa anavipa majina. Kilichokuwa kinalialia kutwa alikiita Shemeji, kwa heshima ya kaka yangu. Kimoja kilikatika siku ileile ya kwanza, akakiita Bwana Harusi, na alipoulizwa kwa nini alicheka mwenyewe. Hiki cha mwisho alichokitundika kabla hajalazwa alikiita Shangazi, kwa kuwa kinanyamaza, kinanyamaza, halafu kinasema yote kwa mkupuo mmoja na kurudi kununa. Shangazi yake wa damu alikuwa hivyo. Hata mchuzi ulikuwa unaungua mbele yake hasemi, anakuja kukuambia baada ya miezi miwili.

Kila kijiti kilipomaliza kazi aliniletea kipande. Ninavyo dirishani, juu ya pamba. Alikuwa anavigeuza kwenye mwanga anionyeshe pale vilipokatikia, panang'aa kama kioo.

Mdogo wangu anataka nikaishi kwake. Naye ni mjane, ana nyumba ya chini, haina ngazi. Nimemwambia nitakwenda Shangazi atakapomaliza. Ni kazi ya mwisho ya mikono ya mume wangu, na bado inaendelea. Siwezi kufunga mlango nikaondoka wakati yeye yuko kazini. Mdogo wangu anasema akili zimeniruka. Pengine. Ila nakuomba, siku ikifika, uniambie.

Mama yako,
mke wa Fundi


21 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumzika kidogo.

Shangazi bado ananing'inia. Majina nilikuwa nayajua. Fundi aliyaandika kwa chaki ubavuni mwa mashine, chini chini, mahali alipodhani siinami. La Shangazi lipo, sijalifuta.

Dereva anasema ulimuuliza kile kijiti kinafanya nini hasa pale, na yeye akakujibu kuwa kinavutwa tu. Nitajaribu kueleza kwa mfano ambao mume wako alipenda kuwapa wageni. Ndani ya kijiti chembe zimejipanga safu kwa safu, kama watu kwenye foleni ya dirisha la hospitali. Uzito unawavuta wote, lakini foleni nzima haisogei kwa pamoja. Inahitaji kasoro mahali fulani, nafasi ndogo pasipostahili kuwa na nafasi. Mmoja anasogea hatua kuijaza, aliye nyuma yake naye anasogea, na ile kasoro inasafiri hivyo mpaka mwisho wa mstari. Ikifika mwisho, safu yote imeteleza kidogo na hakuna aliyeiona ikiteleza.

Tatizo ni kwamba kasoro ni nyingi. Zinakutana, zinazibiana njia. Hapo ndipo kimya kinapoingia: uzito uko palepale na hakuna kinachosogea. Kisha mmoja anateleza, anamsukuma mwenzake, mwenzake anamsukuma mwingine, na foleni yote inayumba kwa mara moja. Mshindo ni mdogo, masikio yetu hayaupati. Unanaswa na lile sikio la mashine tulilobandika kwa gundi. Kompyuta inachora mstari mlalo, halafu kilima kimoja chembamba, halafu mstari tena.

Jumanne Shangazi alisema. Kilima kirefu kuliko vyote tangu Fundi amtundike. Nilikuwa peke yangu, nikageuka kumwambia mtu, hakukuwa na mtu.

Siku ikifika nitakuandikia.

Wako,
Kimya


17 Machi

Mwanangu Kimya,

Mimi si haba. Goti linanisumbua na pampu ya maji imekufa, kwa hiyo orofa za juu tunachota chini na kupanda na ndoo. Fundi cherehani wa chumba cha jirani hunipandishia moja asubuhi. Anasema ni mazoezi, lakini namsikia anavyohema.

Nilipoisoma habari ya foleni nilicheka, kwa sababu najua ilikozaliwa. Ilizaliwa kwenye benchi la hospitali, nilipompeleka kutolewa damu ya kupima. Tulikaa asubuhi nzima hatusogei hata kidogo, halafu muuguzi akaita, mzee mmoja akasimama vibaya, akamkanyaga mwenzake, na benchi zima likatusukuma hadi nikajikuta nimekalia pochi ya mtu. Mume wangu aliumwa kweli siku ile, lakini macho yalimng'aa. Akaniambia, "Umeona? Ndiyo kazi yangu hiyo." Nikamwambia kazi yako imenivunjia miwani.

Nakumbuka pia alivyokuwa akirudi kutoka kwenu. Anafunga mlango kwa viganja viwili, anatembea kwa soksi, anaweka kijiko mezani kama anamlaza mtoto. Namwambia, wewe, hapa ni nyumbani, gonga vitu. Anacheka, kesho yake vilevile. Siku hizi ukimya umekuwa mwingi mno humu ndani, nafungulia redio ambayo siisikilizi.

Mdogo wangu alikuja na gari la kukodi, na wapakiaji, bila kuniambia. Akasimama mlangoni na kusema, "Dada, leo unahama." Nikamjibu bado. Akasema, "Unasubiri kipande cha bati?" Nikamwambia ni zinki. Waliteremka walivyopanda. Wapakiaji walimdai kwa kupanda ngazi bure, na kwa kweli nilimhurumia.

Nieleze mwanangu, itachukua muda gani? Usinifiche.

Mama yako,
mke wa Fundi


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Samahani kwa barua fupi, tuna ukaguzi wa vifaa wiki hii na chumba kimejaa watu wanaogusa vitu.

Shangazi yupo. Amekuwa kimya zaidi kuliko mwezi uliopita. Muda wake ni vigumu kuusema, hutegemea mambo mengi ndani ya kijiti chenyewe. Ukiniuliza naona bora usipange safari zako kwa kumtazama yeye. Goti lako haliwezi kusubiri mashine. Mdogo wako anaonekana mtu mwema.

Nitakuandikia.

Kimya


5 Mei

Mwanangu,

Mwandiko huu usikutishe, naandika nimelala ubavu. Nilianguka kwenye ngazi na ndoo. Ndoo ilifika chini kabla yangu, ndiyo iliyowaita watu. Fundi cherehani akanikuta nimekaa kwenye maji kama bata, akaniuliza kama nimeumia, nikamwambia nimelowa. Nyonga haikuvunjika, imevilia damu. Daktari, wa wagonjwa huyu, amesema mtu wa umri wangu hatakiwi kuishi juu huku peke yake. Nikamwambia wameshaniambia wengi, wewe kaa kwenye foleni.

Mdogo wangu alipopata habari hakuja. Alituma mtu na supu, na supu haikuwa na salamu. Haongei na mimi. Namwelewa. Amechoka kunibembeleza, na mimi nimechoka kubembelezwa, tumebaki hivyo kila mtu na kona yake.

Usiku mguu ukiuma namfikiria Shangazi. Nasema, wote wawili tuna mzigo, na hakuna anayejua nani ataachia kwanza. Usicheke. Mtu akilala ubavu mmoja siku nyingi anafikiri mambo ya namna hii.

Anasemaje?

Mama yako


12 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama koridoni, na sikurudi ndani hadi jioni.

Nina habari. Shangazi amemaliza. Alikatika Jumatatu asubuhi. Alifanya kazi nzuri, alitupa vipimo vingi, na mikono iliyomtundika haikukosea popote.

Sasa tafadhali, Mama, nenda kwa mdogo wako.

Kimya


20 Mei

Mwanangu Kimya,

Nililia, halafu nikalala usingizi ambao sijaulala tangu kabla ya hospitali. Nilipoamka nikampigia mdogo wangu simu, nikamwambia, "Shangazi amekatika." Akasema, "Mungu amlaze pema, nije lini?" Tukacheka mpaka nyonga ikauma. Ndiyo mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu msiba.

Nimeanza kufunga vitu. Fundi cherehani ananifungia maboksi kwa kamba. Ovaroli la mume wangu lililokuwa nyuma ya mlango nimempa, linamzidi miguuni lakini anasema atalipunguza. Nimefunga vyombo, nimefunga redio. Dirisha sijaligusa.

Nabakiza jambo moja tu, kisha naondoka. Naomba unitumie kipande cha Shangazi, kama mume wangu alivyokuwa akiniletea. Hata kidogo kama ukucha, mradi kiwe na ule upande unaong'aa. Nikiweke na wenzake, nifunge pamba, nishuke ngazi. Mpe dereva, atakuja wiki ijayo.

Na unieleze ilivyokuwa. Ulikuwepo chumbani? Kulikuwa na kilima kikubwa, au aliondoka kimyakimya? Jumatatu asubuhi saa ngapi? Naona kama nilikuwa nasuka mkeka wa mlangoni wakati ule, nataka kujua tu.

Mama yako,
mke wa Fundi


3 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, dereva alipita mara ya kwanza nikamrudisha mikono mitupu.

Nimempa kifurushi leo. Nimekifunga mwenyewe kwa pamba. Safari njema kwa mdogo wako.

Kimya


15 Juni

Mwanangu,

Nimekifungua mezani, kwenye mwanga.

Ni kijiti kizima. Kimeinama ubavu mmoja kama sarafu zilizopangwa vizuri kisha mtu akazisukuma kwa kidole, na kina mistari myembamba kutoka juu hadi chini. Ncha zote mbili zina alama za vibano. Nimekigeuza na kukigeuza kutafuta panapong'aa, nikamwita hadi fundi cherehani mwenye macho mazuri. Hakuna. Huyu hakukatika. Huyu ameteremshwa.

Nilikuomba usinifiche.

Sijui kama utaelewa kilichoniuma. Mume wangu alilazwa, wakamwekea mipira, kisha wakaitoa. Kila kitu kilichomhusu mwaka huu kuna mtu aliyekiamua. Kitanda gani, dawa gani, siku gani ya kuzika, saa ngapi. Kilibaki kimoja tu ambacho hakuna mtu wa kukiamua, kingeisha chenyewe kwa wakati wake. Nilikuwa nakisubiri hicho. Sasa na hicho nacho mtu amekiamua.

Maboksi yamesimama mlangoni. Nimemwambia mdogo wangu asije kwanza. Hakuuliza sababu.

Niambie ukweli. Sina nguvu za kugomba, nataka kujua tu.

Mke wa Fundi


24 Juni

Mama,

Shikamoo. Sina haki ya kuomba chochote katika barua hii, kwa hiyo nitasema tu.

Ulipouliza itachukua muda gani, nilikuwa nalo jibu. Uzito ule ulikuwa mdogo, na Fundi aliuchagua mdogo kwa makusudi. Kadiri siku zinavyokwenda kasoro ndani ya kijiti zinazidi kukwamana, vilima vinakuwa vichache, kimya kati yao kinarefuka. Tulitaka kujua kama kuna siku kinanyamaza moja kwa moja. Angeweza kukaa vile miaka, na pengine asingekatika kabisa. Nilishika kalamu niandike hivyo, nikakuona wewe na ndoo na ngazi, nikaandika kwamba ni vigumu kusema.

Halafu ukaanguka. Nikaona kwamba kunyamaza kwangu kulikuwa na sehemu katika ndoo ile. Basi nikasema amekatika. Nilidhani utaondoka tu. Ulipotaka kipande, nilikwenda kwenye sanduku la vilivyokatika, liko limejaa, nikachagua kimoja chenye upande unaong'aa, nikakifunga pamba, nikakipeleka hadi kwenye gari. Dereva akanyoosha mkono. Nikarudi nacho ndani. Vile ulivyo navyo dirishani vyote ni vya kweli, nikashindwa kukuwekea cha uongo katikati yao.

Siku chache baadaye nikaingia chumbani na kunyanyua uzito. Sikuzima lile sikio. Nilipomtua alisema kidogo, vilima vifupi vinavyofuatana, kwa sababu vitu hivi husogea pia vikitolewa mzigo. Kisha mstari. Mkuu wa idara akaja kuuliza kwa nini jaribio limekoma. Nikamwambia nimelikomesha mimi. Akaangalia mchoro kwa muda, akasema, "Lilikuwa linaenda vizuri sana," akatoka akafunga mlango kwa nguvu. Hakuna aliyewahi kufunga mlango ule kwa nguvu.

Huwezi kumrudisha mtu kwenye foleni aliyokwisha kutolewa, akakuta kila mmoja mahali pake. Kwa hiyo hata ukinirudishia siwezi kumtundika akawa yuleyule. Najua nilichokuchukulia. Sikukijua hadi uliponiandikia.

Na mimi nilikuwa nimechoka, Mama. Sisemi ili unionee huruma. Kila asubuhi nilifungua chumba kile na kukuta kazi yake inaendelea, na yeye hayupo. Sijui ni lini niliacha kumwangalia Shangazi kwa ajili ya vipimo.

Kimya


19 Julai

Mwanangu Kimya,

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikakaa siku kadhaa sisemi na mtu. Mdogo wangu kwenye simu akadhani bado nimemnunia yeye, akaanza kujitetea kwa makosa ambayo hata sikuwa nayajua. Nimejifunza mengi.

Hasira ilikuwepo, sikufichi. Nilitaka kukuandikia neno kali nikakosa pa kuanzia. Kisha nikajiuliza, kama mwezi wa nne ungeniambia kwamba ni miaka, ningefanyaje? Ningekuambia sawa, nasubiri. Ningesubiri na ndoo yangu mpaka wanishushe kwenye machela, na ningejiona mke mwema. Hilo na wewe hukulijua, mimi mwenyewe sikulijua. Kwa hiyo usibebe yote peke yako. Ila usinidanganye tena kwa kunihurumia. Nikiwa na jambo la kuniumiza, liniumize nikiwa nimekaa, si nikiwa nimeshafunga maboksi.

Nikawaza pia ulivyokuwa ukiingia kwenye chumba kile kila siku. Mimi nilikuwa nasubiri kwa mbali, wewe ulikuwa unakesha na maiti isiyozikwa. Hilo sikuliwaza hata mara moja nilipokuwa nakuuliza anasemaje, anasemaje. Pole, mwanangu. Mkuu wako akipoa, tundika kingine. Weka uzito unaotaka wewe.

Nimehama Alhamisi. Hakuna kilichokatika, hakuna kilichoisha. Siku yenyewe haikuwa na lolote. Pampu waliitengeneza Jumanne, miezi yote ile kisha Jumanne, na maji yakapanda hadi kwangu. Nikafua pazia la mwisho, nikalikunja bado lina unyevu, nikampigia simu mdogo wangu nikasema, "Njoo." Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna.

Nilidhani pale mlangoni nitasikia kitu moyoni. Nilisimama kabisa nikisikilizia. Gari lilikuwa limeegeshwa vibaya, watu wa mtaani wanapiga honi, fundi cherehani anamfokea mpakiaji aliyeshika boksi kichwa chini. Nilichosikia ni kuchoka tu. Nikafunga, nikashuka.

Hapa kwa mdogo wangu tunalala chumba kimoja kwa sasa, kile kingine kimejaa maboksi yangu. Yeye anataka dirisha wazi, mimi nataka lifungwe. Anakoroma na anakataa. Jana alfajiri nilishtuka nikakuta ameniongezea blanketi, nilipomshukuru akasema labda nimeota. Leo wakati wa chai ameniuliza, bila kuniangalia, nimekuja kwa muda gani.

Nikamwambia anisogezee sukari.

Mama yako